Vichwa Sabini Kitandani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku mbaya. Imeanza na simu kutoka Kagunga. Mama mkwe anakuja Jumapili kwa boti, mguu unamsumbua, atakaa kwetu mpaka apone. Mguu wa mama Verediana naujua mimi. Huo ni mwaka mzima!

Chumba cha ziada ni kimoja tu, cha binti yetu Happiness aliyeolewa Tabora. Na chumba hicho kina wenyewe. Kitandani, chini ya kitanda, dirishani, juu ya kabati: treni zangu. Nimezihesabu tena leo kwa uchungu. Vichwa tisa, mabehewa sitini na moja. Miaka kumi na minne ya kukata makopo ya maziwa, kuchonga vipande vya mbao na kuchomoa mota kwenye redio za kaseti ambazo wateja wamesahau kuzifuata.

Mke wangu Domitila ameniambia ikifika Jumapili kila kitu chenye magurudumu kiwe kimetoka. Nikamwambia having'ati mtu. Akasema nisipovitoa mimi atavirusha uani yeye. Sebuleni hapana nafasi, pamejaa friza lake la barafu. Kibanda changu cha kutengenezea redio hakina mlango. Na kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Zikibaki humo nitakuwa nachungulia kwenye tundu la funguo, na hilo nalo ni kosa kubwa zaidi.

Tumaini limebaki moja. Mzee Mudathir, mwenyekiti wa chama chetu cha treni ndogo, ana fremu tupu ya duka kule Ujiji. Ina kufuli, ina rafu ukuta mzima! Anaitoa bure kwa mwaka mmoja kwa mwanachama mwenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote. Tumegombana vikao vinne. Mkubwa kwa kipimo gani? Urefu? Uzito? Idadi? Yona, ambaye hana treni hata moja ila ana filimbi na anaipenda chai yetu, alisema watu wenyewe waje waamue kwa macho yao. Tukamzomea.

Jioni hii katibu wetu Honorata ameandika kwenye grupu: "Jumamosi saa nne, uani kwa Mzee. Mshindi atapatikana kwa kuhesabu vichwa."

Vichwa! Na mabehewa yangu sitini na moja je? Nimekosa hamu ya kula. Nimekula sahani mbili tu.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kumpeleleza Nickson, mwenzetu wa chama.

Nickson ni mpima ardhi, aliletwa na serikali kutoka Moshi. Mwaka wa tatu yuko hapa na bado analalamika samaki wetu wana miiba. Treni zake zote za kununua. Zinakuja kwa ndege, kila moja na boksi lake, kila boksi na karatasi yake laini. Huyu mtu hajawahi kujikata kidole hata kimoja kwa ajili ya treni!

Nimembebea migebuka miwili kwa kisingizio cha ujirani mwema. Akapokea samaki, akanituma nikanawe mikono. Nikanawa. Akanusa, akanituma tena. Kisha nikasimamishwa mbali, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, nikaonyeshwa. Nilikuwa nahesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu asinishtukie. Vidole vikaisha, nikaanza upya. Vichwa kumi na saba.

Kumi na saba kwa tisa.

Halafu akaniambia, kwa majivuno yake ya taratibu, kwamba hana wasiwasi wa treni. Wiki hii anazunguka maofisini na kanisani kwake kukaribisha watu waje Jumamosi na wake zao. Nikatikisa kichwa kwa huruma. Tunahesabu vichwa, yeye anahangaika na watu! Atakuwa amejiletea mashahidi wa kushindwa kwake.

Wazo limenijia nikiwa narudi, hapo hapo mbele ya duka la rangi. Kichwa ni nini? Ni behewa lenye bomba la moshi na taa mbele. Basi!

Jumatano, 16 Julai

Nimefunga kibanda, nimeandika ubaoni kwamba fundi anaumwa. Nimekata mabehewa tangu asubuhi. Unachonga mbele, unatoboa, unapachika bomba, unagandisha vizibo viwili vya soda kuwa taa, unapaka rangi ya njano. Tayari, kichwa!

Mabomba yamekuwa shida. Nimemaliza kalamu zote za nyumbani, nikahamia kwenye vifuniko vya mafuta ya kujipaka ya Domitila, kisha kwenye vikopo vyake vya iliki na mdalasini. Pilau ya Jumapili itapikwa kwa imani.

Behewa la daraja la tatu nimelikata bila neno. La kubebea ng'ombe nimelikata. La mgahawa limenishinda kwa muda. Lile nililitengeneza mwaka aliozaliwa mjukuu wetu wa kwanza. Lina meza sita za njiti za kiberiti, na mama mmoja wa udongo ameshika sahani yenye samaki mdogo kuliko punje ya mchele. Nimelishika mkononi muda mrefu. Nimeona uchungu wa kweli, nakiri. Kisha nikaikumbuka fremu, nikamng'oa mama wa watu na sahani yake, nikapachika bomba.

Domitila amepita mlangoni akauliza mbona treni zote zimekuwa vichwa, sasa abiria watakaa wapi. Nimemwambia mambo ya mashindano hayajui.

Alhamisi, 17 Julai

Domitila amekuja na habari eti njema. Amezungumza na kwaya yake. Watu arobaini na wawili, wako tayari kuja Jumamosi na sare zao kunisindikiza. Anasema hataki kunirusha uani mimi na treni zangu kama ninaweza kupata fremu kwa heshima.

Kwaya! Rangi ni mbichi! Soprano peke yao ni kumi na tisa na kila mmoja ana vidole kumi. Atashika huyu, atashika yule, hapatabaki kichwa chenye rangi. Nikamshukuru kwa unafiki mkubwa. Halafu nikatoka kimya kimya mpaka kwa mwalimu wa kwaya, nikamwambia kuna mabadiliko, mashindano yamesogezwa Jumapili baada ya misa ya kwanza. Akaandika kwenye daftari lake. Mtu mwema sana yule.

Nimemkuta shemeji yangu Martini njiani, naye akasema atakuja na wapagazi wenzake wa bandari ya Kibirizi. Nikamwambia na yeye Jumapili.

Kazi ya kuzuia watu inachosha kuliko kazi ya kukata makopo.

Ijumaa, 18 Julai

Vichwa sabini! Nimevipanga kitandani kwa Happiness, vinang'aa, vyote vinatazama mlango. Nimeingia na kutoka mara kumi ili vinitazame.

Honorata amepiga simu. Anataka kujua nakuja na vichwa vingapi ili aandae viti. Nikasema sabini. Akaguna. Akauliza kama ni sabini kweli. Nikasema sabini kamili, na ningepata siku mbili zaidi ningefikisha mia. Akauliza kama vyote ni vya hapa hapa Katubuka. Nikamwambia vyote nimevitengeneza mwenyewe, mle mle chumbani. Akauliza kama Domitila anajua. Nikasema anajua sana, ndiye anayelalamika kila siku jinsi kitanda kilivyojaa. Akauliza vitafika kwa usafiri gani. Nikasema bajaji moja inatosha, nitavipanga kwenye mabeseni mawili. Akakata simu.

Wivu. Nilijua Honorata ana upande wake.

Baadaye ameandika kwenye grupu kwamba Mzee ameagiza soda sabini za wageni wa Gasper, yaani mimi. Wageni gani? Nimeona ni heshima ya bingwa, sikuuliza.

Jumamosi, 19 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimefika Ujiji saa tatu na nusu. Uani kwa Mzee Mudathir pamepangwa viti sabini upande wangu, na kila kiti kina soda yake. Nikapanga vichwa mezani. Rangi ilikuwa haijakauka, vimenata kwenye magazeti niliyovifungia. Kichwa kimoja kimesomeka "Simba" ubavuni, kingine kimebeba tangazo la kifo cha mtu nisiyemjua.

Nickson amekuja na treni nne tu. Nne! Nikacheka waziwazi. Nyuma yake wakaingia watu thelathini na mmoja, wamevaa vizuri, wengine na miavuli ya jua.

Mzee Mudathir akasimama, akasema kwa kuwa tumeshindwa kukubaliana ukubwa ni nini, amefuata shauri la Yona. Kila mgeni akasimame nyuma ya mkusanyiko anaouona ni mkubwa, kisha Honorata ahesabu vichwa.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza vichwa vya nini.

Honorata akasema vya watu, kwani kuna vingine?

Vipo! Nikaonyesha meza. Vipo sabini! Watu walicheka mpaka mama mmoja akaketi chini. Thelathini na mmoja wakaenda kwa Nickson. Kwangu akaja Yona peke yake, na alikuwa ameshafungua soda ya pili. Kwaya ingekuja tungekuwa na arobaini na watatu. Hesabu hiyo nimeifanya pale pale nikiwa nimesimama, na imeniuma kuliko kicheko.

Mzee Mudathir akaja mezani kwangu. Alikuwa mtu wa reli miaka thelathini. Akainua kile kilichokuwa behewa la mgahawa, akalitambua, akachungulia ndani akaona meza za njiti bado zipo.

"Gasper," akasema polepole, "vichwa sabini vinavuta nini?"

Nikaona aibu, nikaona na huzuni, machozi yakanitoka mbele ya watu wa Nickson.

Nickson akanifuata. Akasema fremu ni kubwa, treni zake hazijazi, rafu ya chini yote nichukue mimi. Alisema kwa upole kabisa, ndiyo maana nikakasirika. Nikamwambia mimi siwezi kukaa chini ya mtu. Nikabeba mabeseni yangu. Dereva wa bajaji akauliza kama navipeleka kuuza.

Jumapili, 20 Julai

Kwaya ilikwenda Ujiji kama nilivyoielekeza. Walikuta geti limefungwa, na kwa kuwa walishavaa sare wakaimba hapo hapo nyimbo mbili hadi Mzee Mudathir akatoka na kanzu ya kulalia. Mwalimu wa kwaya hajibu salamu yangu.

Mama mkwe tumempokea Kibirizi saa tano. Martini amemshusha kwenye boti kwa mikono miwili, na yeye akilalamika anashikwa vibaya. Treni bado zilikuwa kitandani. Sikuwa na pa kuzipeleka. Nilisimama sebuleni nikisubiri zirushwe uani moja moja. Mama mkwe akaingia chumbani, akakaa humo kitambo, akamwita Domitila. Akasema ziachwe. Zipangwe ukutani, yeye atalala ubavu mmoja, na mguu ukimkosesha usingizi atakuwa na kitu cha kutazama. Nilitamani kumkumbatia. Haifai, nikalikumbatia friza.

Mchana ujumbe wa Honorata. Mzee hakulala vizuri. Ana stoo nyuma ya fremu, ina dirisha na kufuli. Jumamosi ijayo ataitoa kwa mwanachama mwenye mabehewa mengi kuliko wote, na safari hii Gasper asihangaike kutengeneza chochote kipya.

Domitila amefurahi kupita kiasi. Amesema ni kuondoa tu mabomba na taa, behewa linarudi kuwa behewa, yeye atanisaidia, jioni moja tumemaliza. Akavitoa vichwa vyote chumbani kwa mabeseni, akaniwekea na bisibisi juu yake. Nikamwonea huruma. Vichwa vilikuwa watu, si ndiyo? Sasa mabehewa ni nini? Yanayofuata kichwa nyuma. Watoto! Mzee anataka watoto, na hathubutu kusema wazi kwa sababu Nickson yumo kwenye grupu.

"Baba Happiness," Domitila akasema, "mabehewa ni mabehewa."

Ndivyo walivyonipata Jumamosi. Nimebeba mabeseni mpaka kanisani, nikawasubiri watoto wa Utoto Mtakatifu watoke kwenye mafundisho. Kila mtoto kichwa kimoja, kwa ahadi ya kuja Ujiji Jumamosi na kusimama nyuma yangu kwa mstari. Vimeisha vyote sabini, hata cha mgahawa. Wamefurahi mno. Wamekimbia navyo moja kwa moja hadi ziwani kuona kama vinaelea. Haviwezi kuelea.

Si neno. Nina mabehewa sabini, yana miguu, yanakuja yenyewe. Domitila tangu jioni haongei, ameirudisha bisibisi kabatini bila hata kunitazama.

Na sasa hivi Nickson ameuliza kwenye grupu kama mabehewa ya makaa ya mawe nayo yanahesabiwa. Makaa ya mawe! Nimecheka mpaka chai ikanipalia.