Mfagizi Aliyemfuta Mzee Rajab

Jumatatu, 9 Juni 1997. Jinja.
Asubuhi amekuja mzee Rajab, sajenti mstaafu. Akauliza kwa upole kama amekufa na hakuambiwa. Jina lake halimo tena kwenye orodha ya Chama cha Askari Wastaafu. Ni wa tatu mwezi huu!
Orodha inaendeshwa na lugha ya programu niliyoitunga mwenyewe. Inaitwa Magidu, kama mimi. Ndani yake kuna mfagizi: hupita kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hukagua kila kitu, na kisichotumiwa tena hukitupa. Wafagizi wa wenzangu husimamisha kazi yote kwanza. Wangu hufagia kazi ikiendelea. Ndiyo fahari yangu. Ila siku hizi anatupa hata watu walio hai.
Mwenyekiti, Afande Eucabeth, inspekta mstaafu wa polisi, amenipa hadi mkutano wa Jumamosi. Nikishindwa, kompyuta inahamia Mbale, kwa Yekosofati, mtunga programu mwenzangu. Yekosofati! Mfagizi wake akianza kazi, waweza kwenda sokoni ukarudi.

Jumanne, 10 Juni.
Nimewasingizia wadudu wa ziwani. Nimemwambia Afande wanatoka Masese na kuingia kwenye kompyuta. Nimeifunika kwa chandarua changu cha kitandani. Jina la nne limepotelea ndani ya chandarua. Nami leo nalala na mbu.

Jumatano, 11 Juni.
Nimempa mfagizi likizo. Hakuna jina lililopotea! Nimejipigia makofi. Saa saba mchana kumbukumbu ikajaa takataka, kompyuta ikaganda. Afande Eucabeth alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alhamisi, 12 Juni. Mbale.
Nimekuja kumchungulia Yekosofati. Kisingizio: kumjulia hali dada Zahara, askari wa magereza, jirani yake hapa Nabuyonga. Njiani nilishuka Busiu nikanunua mkungu wa matoke, ili kisingizio kiwe na uzito.
Yekosofati hayupo. Nikabaki na dada na hadithi zake za kazi. Zamani, alipokuwa mgeni kazini, hesabu ya jioni ilipungua mtu mmoja. Wakatafuta hadi kwenye mahindi. Kumbe mfungwa yupo, anakunywa uji! Walihesabu wodi ya kwanza, wakaenda ya pili. Kabla hawajafika, mtu akamtoa ya pili akamwingiza ya kwanza. Hakuhesabiwa huku wala kule. Tangu siku hiyo ikawa amri: anayemhamisha mtu wakati wa hesabu amwambie anayehesabu.
Nikasimama na kikombe mkononi. Mfagizi wangu! Jina likihamishwa wakati anakagua, linaingia mahali alipokwisha pita. Halioni. Anadhani halina mwenyewe, analitupa.
Nikamwambia dada kwamba hilo nilikwisha kulifikiria. Akaniongezea chai. Akasema Yekosofati naye alisikia kisa hicho, akaamua kila mtu akae chini mpaka hesabu iishe. Mwoga!

Ijumaa, 13 Juni. Jinja.
Mistari sita tu. Kila anayehamisha jina amwambie mfagizi. Nimeyarudisha majina manne yaliyopotea, nikaendesha orodha mchana kutwa. Majina mia sita na kumi na mawili, yote yapo! Mzee Rajab amekuja kujiona. Akaomba nimchapie ukurasa wenye jina lake, akaukunja, akautia mfuko wa shati. Machozi yalinilenga, sikatai.
Ningefunga mlango nikaenda nyumbani. Lakini kesho Yekosofati atakuwepo mkutanoni, na hizo taarifa zinamchelewesha mfagizi kidogo. Nimemwongezea mwenzake. Sasa wako wawili.

Jumamosi, 14 Juni.
Orodha imetoka haraka ajabu. Nilimtupia Yekosofati jicho. Afande Eucabeth akaisoma jina kwa jina, wanachama wakaitika kama wako paredi. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Akatafuta tena. Kisha akaniuliza, kwa upole uleule wa mzee Rajab, kama amekufa na hakuambiwa.
Mzee Rajab akatoa karatasi yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.
Jina la Afande lilipohamishwa, mfagizi wa kwanza aliambiwa. Wa pili hakuambiwa.

Jumapili, 15 Juni.
Kompyuta imekwenda Mbale, magotini pa Yekosofati, imefungwa kwa chandarua changu. Kabla ya kuondoka alinipa mkono, akanikaribisha kwake wakati wowote. Ni mtu mwema. Inaniuma zaidi.
Nimebaki na penseli. Nimechora yote upya kwenye karatasi, polepole, mpaka kosa nikaliona. Wafagizi wawili, na hakuna wa kuwasimamia. Anahitajika wa tatu.