Benchi la Kusubiria Mwezini

Idara ya Makazi ya Mwezini inayo furaha kuutangazia umma kwamba mji wa kwanza mwezini sasa umekamilika kwenye karatasi, likiwemo benchi la wageni kusubiria. Benchi lenyewe liko nje.

Hilo la nje ndilo lililomnyima usingizi Dada Rula. Wenzake wa chumba cha michoro walimwita hivyo kwa sababu rula haikumtoka mkononi hata akinywa chai. Alikuwa amechora vyumba vya chini ya udongo, kuta nene, na mlango unaofunguka ukiugusa tu. Mkurugenzi alipitisha yote chapuchapu, akakwama mlangoni.

"Wageni wangu watasubiri wapi?"

"Hawatasubiri, mkubwa. Nje hakuna hewa."

"Ofisi gani hiyo watu wanaingia tu kama sokoni?"

"Hakuna hewa hata kidogo, mkubwa."

"Watakuja na yao."

Kamati Ndogo ya Heshima ya Mlango ikakaa siku tatu, ikatoa kanuni: kila anayefika, awe nani, ataketi dakika arobaini na tano, ili ofisi ionekane ina kazi. Mtungi wa hewa ni wa saa moja. Kamati iliridhika kwamba dakika kumi na tano zinamtosha mwananchi yeyote kujieleza.

Sasa, mdogo wake Dada Rula, fundi bomba, alikuwa amechaguliwa kwenda na kundi la kwanza. Kazi yake ingekuwa huko huko nje, kukagua mabomba, na kurudi mtungi ukiwa karibu kuisha.

"Usigombane nao, dada," alisema jikoni, akikunja soksi za safari. "Nitakaa benchini nipumue polepole."

"Wewe? Unakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta!"

Walicheka, lakini Dada Rula alikuwa na hofu ya kweli. Aliandika barua ya kupinga. Ikarudi na maelekezo kwamba malalamiko yaletwe kwa mkono, baada ya kusubiri nje.

Siku ya majaribio, nyumba ya mfano ikasimamishwa uani mwa idara. Mkurugenzi akavaa vazi la mwezini, kofia ikafungwa kwa ufunguo uliobaki ndani ya nyumba hiyo. Akatoa hotuba ya dakika ishirini humo humo kofiani, hakuna aliyeisikia, kisha akaenda kugonga mlango.

"Keti hapo benchini, mzee," tarishi aliyewekwa ndani kulinda mlango akamjibu kwenye kipaza sauti cha mlangoni.

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi hayupo ofisini, nimechungulia mwenyewe. Na kanuni inasema awe nani."

Tarishi hakuwa na ubaya. Alikuwa kibarua kwa miaka sita, na hakutaka kuharibu nafasi yake ya kuajiriwa sasa. Mkurugenzi akaketi. Baada ya dakika thelathini na tano mtungi ukaanza kulia, naye akaupiga mlango kwa ngumi mbili, kioo cha kofia kimejaa ukungu.

Dada Rula akavuka uwanja kwa ndala zake, na mchoro mpya mkononi.

"Sahihi hapa, mkubwa. Benchi linaondoka, na kanuni yake."

Akatia sahihi mpaka karatasi ikachanika. Dada Rula akaubandika mchoro kwenye kioo cha mlango. Tarishi akausoma taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Uko sawa," alisema. "Ila hauna tarehe."

Mkurugenzi, ambaye kwa miaka thelathini amerudisha mafaili ya watu kwa kosa hilo hilo, aliiandika tarehe mara mbili.