Mimba ya Shiro Wakati wa Kwaresima

Megabit 12, Jumatatu

Tsige, mjukuu wangu, kama unasoma haya basi hatimaye umeikumbuka njia ya Gondar. Uliniaga kwamba unakwenda Hawassa kuolewa, hukusema unahamia mwezini. Simu yako inaita mpaka inachoka. Basi nitaandika humu, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima zilizopinda kama miguu ya kuku, na siku utakayokuja utasoma yote umesimama. Hakuna kukaa kabla hujamaliza.

Habari kubwa. Shiro ana mimba. Yule paka wa rangi ya unga wa dengu, anayelala kwangu na kula kwa jirani yetu Debritu, au kulala kwa Debritu na kula kwangu, inategemea nani kati yetu anasema kweli. Mimi ndiye.

Uani wanadhani amenenepa tu. Anenepe kwa nini, wakati nyumba zote tumefunga? Mimi nimezaa saba, siambiwi na mtu. Chuchu zimetokeza, nyekundu nyekundu, na manyoya pembeni yake yamepungua. Asubuhi katapika kidogo. Mchana kutwa kalala. Akiamka anapenya kila pembe yenye giza, ananusa, anatoka, kama mkwe anayekagua nyumba ya mwanawe.

Desturi ya uani wetu unaijua: paka ni wa nyumba aliyozalia. Tangu uondoke, humu ndani hamna kiumbe anayenijibu nikisema. Shiro atazaa hapa. Debritu asijue.

Megabit 13, Jumanne

Nimeweka sanduku la mbao chini ya kitanda, ndani gauni langu kuukuu. Shiro kalinusa, katoka. Nikamrudisha. Katoka. Nikakaa mlangoni nimeuziba wote. Kapita dirishani.

Shida ni chakula. Mwenye mimba hashindi kwa mkate wa injera na dengu. Mimba haijui Kwaresima! Bucha zetu zimefungwa mpaka Pasaka, na maziwa nayo ni mwiko. Nikanunua maziwa kwa mwenye ng'ombe, nikamwambia ni ya kusafishia shaba. Kanitazama sana. Shiro kayanywa yote, kalamba na bakuli. Nimelala nikijisifu.

Megabit 14, Jumatano

Maziwa yalikuwa kosa. Ameyarudisha yote kwa mlango wa nyuma, juu ya gauni langu la Pasaka.

Nikaenda kwa muuza dawa za mifugo. Akasema maziwa ya ng'ombe humharisha paka. Nimpe nyama, kidogo kidogo, mara nyingi, na maji safi. Nimwache apumzike. Na niache kumminya tumbo kuhesabu watoto. Nilikuwa sijamwambia kwamba namminya. Alikuwa akitazama mikwaruzo ya mikono yangu.

Megabit 15, Alhamisi

Bucha iliyo wazi ni moja tu, ya Seid, Mwislamu, ng'ambo ya soko. Unajua sisi hatuli nyama iliyochinjwa kwao hata siku ya sikukuu, na wao hawali ya kwetu. Bibi yako kaingia, tena katikati ya mfungo. Nilijifunika shali mpaka puani. Seid akanikaribisha, Mama Askale, karibu. Nikamwambia mimi siye Askale. Akasema haya, basi nimsalimie Askale.

Nusu kilo. Nikaifunga ndani ya shali, nikarudi nimejikunja kama mgonjwa.

Nani kakaa langoni? Abba Tekle, padri anayeniungamisha, na Debritu anammiminia kahawa. Nikainama kubusu msalaba. Shiro, mwana asiye na adabu, akaruka kutoka ukutani, akaning'inia kwenye shali kwa kucha zote. Nyama ikaanguka, pwa, miguuni pa Abba.

Debritu akatumia ile sauti yake ya msibani. "Dada Askale, njaa imekushinda? Si ungetuambia, tukuombee."

Hapa ndipo ujue bibi yako ana moyo wa namna gani. Neno moja lingeniokoa: paka ana mimba. Lakini Debritu angelisikia, na kabla ya jua kuzama angekuwa ameshamtandikia godoro. Nikalimeza neno.

"Ndiyo, Abba," nikasema. "Imenishinda."

Abba akafumba macho. Nimepewa kitubio: kusujudu nyuma ya kanisa kila asubuhi mpaka Jumapili ya Matawi. Magoti yangu unayajua. Nyama niliiokota.

Megabit 16, Ijumaa

Sikuitwa kahawa. Miaka yote hii, mara ya kwanza. Nilisikia vikombe vyao kupitia ukutani, duru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walicheka kwenye zote tatu.

Shiro peke yake kanitembelea. Kala, kajinyoosha, tumbo limegusa sakafu. Nikamweleza yote niliyovumilia kwa ajili yake. Kapiga miayo. Tsige, nilikuona wewe kabisa.

Megabit 17, Jumamosi

Nyama imeisha. Nikarudi kwa Seid. Siogopi tena, jina limeshaharibika, nimekwenda uso wazi. Seid kapima huku akitabasamu peke yake.

"Mama, mwenzio katoka sasa hivi na nusu kilo kama yako," akasema. "Naye kaapa kwamba siye Debritu."

Mwizi! Mnafiki! Ndiyo maana tumbo la Shiro linataka kupasuka, anakula chakula cha mimba mbili. Na mimi niliyenyimwa kahawa na huyo huyo.

Megabit 18, Jumapili

Nyuma ya kanisa, asubuhi na mapema, naenda zangu kusujudu pasipo watu. Namkuta Debritu kifudifudi. Akasema ameangusha hereni. Nikasema na mimi nimekuja kumsaidia kuitafuta. Tukaitafuta, yeye chini, mimi chini, tunainuka, tunashuka. Masikio yake yote mawili yana hereni.

Mwishowe nikamwambia, "Nusu kilo, Debritu."

Akakaa kwenye vumbi. Kumbe jana, akibusu msalaba, Abba alimnusa harufu ya nyama, akampa naye kitubio. Kumbe chuchu za Shiro aliziona kabla yangu, tangu mwezi uliopita. Naye kazaa sita, haambiwi. Naye alimeza neno mbele ya Abba, kwa sababu ile ile. Kwake pia hamna mtu, wanawe wote wako ng'ambo. Hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwahi kulifikiria.

Tukashikana mikono kurudi, maana kila mmoja alikuwa na goti moja zima. Tukaapa mbele ya ukuta wa kanisa: hakuna kumrubuni paka. Atachagua mwenyewe anapopenda.

Jioni nikaweka ini sandukuni. Kidogo tu.

Megabit 20, Jumanne

Kazaa! Kwangu! Ndani ya sanduku! Wanne, wawili wa rangi ya mama, mmoja mweusi, mmoja sijui wa nani. Hawajafumbua macho. Shiro anawalamba mmoja mmoja, ananguruma kama mashine ya kusaga. Nililia, na ukimwambia mtu nitakana.

Muuza dawa alinionya: mzazi anataka giza na kimya, watoto wasishikwe. Ni kweli. Lakini jina langu je? Nikachoma buni, nikaita uani mzima, nikamwita na Abba. Waje waone nyama ilikwenda tumbo gani.

Walikuja wote. Wakapokezana watoto mkono kwa mkono, wakawabusu. Abba akawabariki, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kitubio kimefutwa, cha wote wawili. Nikamimina duru zote tatu. Debritu peke yake hakumshika mtoto. Alimtazama Shiro, akasema tumwache sasa. Nikamwambia wivu utamuua.

Megabit 21, Jumatano

Sanduku tupu.

Kawabeba kwa shingo, mmoja mmoja, juu ya ukuta. Wako chini ya kitanda cha Debritu. Katundika pazia, anatembea bila viatu, haruhusu mtu kukohoa. Nikasimama mlangoni kwake, nikadai haki yangu, maana alizalia kwangu.

"Anataka utulivu, dada," akaninong'oneza. "Kwako kuna sherehe. Njoo kahawa, lakini uiache sauti nyumbani."

Nikaenda. Nikanywa. Sikusema neno duru mbili nzima. Kupitia upenyo wa pazia Shiro alinitazama, akafumba macho, akaendelea kunyonyesha.

Megabit 22, Alhamisi

Nimekaa nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa kuwaita watu. Kosa lilikuwa dirisha. Nimelipigilia ubao, humu ndani sasa ni giza mchana kutwa, nimeshajigonga mara mbili. Ini lipo sandukuni.

Tsige, ukija, usianzie kwangu. Anzia kwa Debritu kumsalimia. Keti karibu na kitanda. Muulize habari za wanawe wote, mmoja mmoja, kisha mwombe maji ya kunywa. Mtungi uko nje. Na uje na mkoba mpana, wenye kitambaa laini ndani.