Miguu Itamea Mwezi wa Nane

Siku mbili baada ya Pasaka ya mwaka wa tisini na sita, Wesonga alimwona mbwa akirandaranda peke yake nyuma ya soko la Kawangware. Mbwa mwenyewe alikuwa mrefu kama benchi la kanisa, na tumbo lake lilikuwa karibu kugusa matope. Mtu mwingine angecheka na kwenda zake. Wesonga hakucheka. Aliona kazi. Mbwa alikuwa wa nani, hilo hakuuliza.

Alimpa kipande cha mutura, soseji ya matumbo ya kuchoma, akambatiza Kamanda, akampeleka chumbani kwake Soweto West, Kibera. Kufikia mwezi wa tano walikuwa washirika kamili. Wesonga alimuuza kama mbwa wa Kijerumani, mnunuzi akamfungia uani, na kesho yake Wesonga alipita nje na kupiga mluzi mara tatu. Mbwa wa aina ile amezaliwa na majembe badala ya miguu. Udongo uliruka, pua ikatokea chini ya mabati, mutura ikamsubiri. Musau wa bucha alinunua. Opondo, fundi viatu kule Olympic, naye alinunua. Wote wawili walibaki wakiapa kwamba mbwa wa Kijerumani huyeyuka.

Mwezi wa sita Wesonga alirudi Kawangware. Nje ya nyumba ya Jentrix, mwuza sukuma wiki, redio kubwa ya kaseti ilikuwa ikiimba. Wesonga aliipenda papo hapo.

"Mathe, huyu unayemwona ni mtoto wa mbwa wa polisi. Damu ya Ujerumani."

Jentrix alimtazama mbwa kuanzia pua hadi mkia. Mbwa alitikisa mkia mpaka kiuno kizima kikacheza. Wesonga alifurahi, Kamanda hakuwahi kuigiza vizuri namna ile.

"Na mbona miguu hana?"

"Inakuja. Itamea mwezi wa nane, baridi ikipungua."

"Anakula nini?"

"Ugali, Mathe! Mlima mzima asubuhi, mwingine jioni. Tumbo likijaa linasukuma miguu nje. Halafu kila siku unampandisha mezani, anaruka. Ndiyo inavutika. Ona."

Akampandisha juu ya kreti za soda na kumsukuma. Jentrix alimdaka hewani, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio.

"Ai, Mathe, unaharibu mafunzo!"

"Pole, kijana yangu. Nilishtuka tu. Unataka nini?"

"Hiyo redio."

Jentrix aliguna, akaizima, akaingia nayo ndani kuifunga. Wesonga alibaki mlangoni akihubiri kuhusu kuogesha mbwa kwa maji ya barafu. Jentrix alitoka na boksi zito lililozungushiwa leso na kufungwa kamba mafundo saba.

"Usifungue njiani. Vumbi litaiua."

Moyo wa Wesonga uliguswa. Aliliweka boksi chini ya kitanda, amngojee mnunuzi wa Makina.

Kesho yake alipiga mluzi mara tatu. Kimya. Akapiga mara tisa. Siku sita alipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Bila Kamanda ilibaki kazi ya mjengo aliyoahidiwa na shemeji yake Mukhwana, na kazi hiyo Wesonga aliiogopa kuliko polisi.

Jumapili, Jentrix akiwa kanisani, alichungulia. Kamanda alilala mkekani kivulini, amepungua, masikio yakiwa safi. Mawe yalipangwa kuzunguka ua wote isipokuwa pembe moja yenye shimo la zamani. Wesonga alisukuma mutura ndani. Kamanda aliinusa, akarudi mkekani.

Basi Wesonga akajipenyeza mwenyewe. Kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Kamanda akabweka kwa sauti ya mbwa mara tano yake.

Jentrix alifika kutoka kanisani, akakuta miguu miwili ikipiga mateke nje ya ua wake.

"Ai! Na mwezi wa nane bado," alisema. "Imemea mapema."

Akazunguka, akaingia uani.

"Mathe, nilikuja kuona kama Kamanda anakula vizuri," kichwa kilisema.

"Anaitwa Hansi. Nimemlea tangu akiwa saizi ya kiatu, nikiwa yaya Lavington. Tajiri wangu aliniachia alipohama. Alinipotea Pasaka, nikalia kama nimefiwa. Uti wa mbwa huyu ni mrefu, haurushwi mezani, na chakula chake ni kidogo. Wewe umeniletea tumbo linaloburuzika na mgongo unaouma!"

"Basi yaishe, Mathe. Nitarudisha redio."

"Redio gani?"

Jentrix aliingia ndani. Kwaya ya redio ile ile ikapasuka dirishani, safi kabisa.

Wesonga alilikumbuka boksi, ambalo kila jioni alilisalimia kabla ya kulala.

"Kwani mle ndani kuna nini?"

"Mawe. Lakini leso ni yangu, utairudisha." Akatoka na stuli, akaketi. "Tulia, kijana yangu. Musau wa bucha tunasali kanisa moja. Yuko njiani, ana maswali kuhusu mbwa anayeyeyuka."

Wesonga akaanza kujinasua. Hansi akanguruma.

"Kaa!" Jentrix aliamuru.

Hansi alikaa. Wesonga naye alikaa. Na huko nyuma, miguu yake iliposikia viatu vizito vikikaribia, aliikumbuka kazi ya mjengo kwa mapenzi makubwa.