Ombi la Kuifanya Diski Yangu Isisomeke Tena

Kwa Shemeji yangu, Mtengeneza Programu,

Yahusu: Kuondolewa mara moja kwa ukarimu ulioongezwa kwenye programu yako

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mchoraji wa ramani za majengo na mume wa dada yako. Kama ujuavyo, kompyuta ya ofisini kwangu na ile ya dada yako nyumbani ni za koo mbili zisizooana. Ulipomwekea programu yako ya ukalimani, ili programu za ofisini kwetu ziweze kufanya kazi kwenye mashine yake, sikusema neno. Diski yangu ya ramani ilikuwa bado haifunguki pale, kwa kuwa mafaili yake yamepangwa kigeni. Juzi ukaongeza uwezo wa kuusoma hata mpangilio huo. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa na diski. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila dada yako alipouliza kuhusu ramani ya nyumba yetu, nilimjibu kwamba ni nzuri mno, bahati mbaya tu kompyuta yake haiwezi kuifungua. Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Umeligeuza kuwa uongo bila hata kunishauri, na zimebaki siku chache fundi achimbe msingi.

2. Ameifungua. Alianza kutazama akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, na unamjua dada yako akivuta kiti. Amegundua kwamba chumba tulichokubaliana kiwe cha mama yenu kimeandikwa "Karakana ya Mbao". Nilitaka kumweleza kwamba mama mkwe ni mtu wa heshima, na mtu wa heshima halazwi karibu na jiko. Sikupewa nafasi.

3. Amemwita mama yenu aje ajionee. Nilijiandaa kwa matusi, shemeji, na matusi ningeyamudu. Mama akasema tu kwamba hata humo kwenye mbao atalala, mradi awasikie wajukuu wakicheza. Nimeona aibu ambayo sikuiomba, na chanzo chake ni programu yako.

4. Jirani aliyekuja kurudisha chujio amebaki mpaka chai, naye anataka baraza ipanuliwe.

5. Leo ni diski. Kesho watafungua mfuko wa koti, keshokutwa moyo. Ndoa ngapi zimesimama hadi leo kwa sababu tu mashine hazielewani? Je, mlilifikiria hilo huko ofisini kwenu?

Kwa hiyo naomba uwezo huo uondolewe leo hii, na kioo kirudi kuandika kwamba diski haitambuliki. Ikiwezekana, kwa maandishi mekundu.

Nisalimie mama watoto, watoto, na wenzako wote kazini, hata yule aliyeijaribu programu hiyo akaikuta haina kasoro.

Ni mimi, shemeji yako mwenye uchungu,
Mchoraji

Baada ya kusaini: Kumbe programu yako inaisoma diski tu, haiwezi kuiandikia! Tumekaa watatu tangu asubuhi, tumempangia Mama chumba chenye dirisha la kutazama uani, na sijapata kuchora kitu kizuri hivi. Lakini programu yetu ya kuchorea haihifadhi popote ila kwenye diski hii, na mashine ya kuchapa ramani kule ofisini haipokei kitu kingine. Tafadhali sana, ongeza na kuandika kabla ya Jumatatu. Hatuthubutu kuzima kompyuta, chumba cha Mama kisije kikapotea.