Malalamiko Dhidi ya Mto wa Teplá

Al-Kamil wal-Wafi,
Ijumaa, baada ya sala.

Kwa Bi Khole,
Mkuu wa Kitengo cha Taarifa za Wadi, Nizwa,
ambaye pia ni dada wa baba yangu.

Shangazi, shikamoo.

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba uinuke ufunge mlango. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu katika ghorofa yenu ni wewe peke yako unayekisoma, na kwa mkono kwa sababu kompyuta za ofisi zina kumbukumbu kuliko watu. Akitokea mtu akauliza, mwambie ni maelezo ya mkate wa kumimina kutoka kwa Bibi. Ukishamaliza, usiitupe katika pipa la ofisi. Ichome jikoni kwako. Usimwambie Baba, wala usimwambie Bibi, kwa sababu Bibi hajapata kuweka siri tangu aondoke Unguja.

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA MTO MDOGO WA NCHI YA CHEKI

Kwa heshima na taadhima, naleta mbele yako malalamiko dhidi ya mto uitwao Teplá. Nimesoma habari zake kwa uangalifu, nisije nikaudhulumu. Unaanzia msituni karibu na Mariánské Lázně, unapita mji wa Teplá, unapita Bečov na vijiji vilivyojificha bondeni, unaingia Karlovy Vary katikati ya mahoteli, halafu unamwagika katika mto mkubwa kuliko wenyewe. Safari yote ni kama kilomita sitini na tano. Ni mto ambao mtu angeweza kuishi miaka themanini asiujue na asipungukiwe kitu. Mimi unanifukuzisha kazi.

Unajua nina miezi minane tu hapa, na mwezi ujao ndipo nitakapothibitishwa au kuambiwa niende nyumbani. Unajua pia kwamba baba yake Basma amesema, kwa upole na kahawa mkononi, kwamba binti yake ataolewa na karani aliyethibitishwa, si karani anayejaribiwa. Kwa hiyo ninayoyalalamikia si maji tu.

Mambo yalianza pale mkuu wetu, Ustadh Marzouq, alipokwenda Karlovy Vary kutibu magoti, kama wanavyokwenda wazee wengi wa huku. Wiki tatu alikunywa maji ya moto ya chemchemi kwa kikombe chenye mdomo kama wa birika, huku akitembea taratibu ukingoni mwa mto huo. Magoti yamerudi vilevile. Kilichobadilika ni moyo. Sasa naorodhesha.

1. Mto huu hupita kila siku. Siku ya kazi unapita, Ijumaa unapita, Idi unapita. Wadi yetu, bonde la mawe makavu linalosubiri mvua ya mlimani, ina heshima zake. Hushuka mara mbili au tatu kwa mwaka, na ikishuka watu huacha wali siniani, wakabeba watoto na birika za kahawa, wakaenda kuitazama kama wanaokwenda harusini. Zamani taarifa tulikuwa tukiiandika siku hizo tu. Mkuu aliporejea alisimama mbele ya meza yangu na kikombe chake cha mdomo, akasema, "Nadhir, kule Bečov mto unapimwa kila asubuhi, iwe theluji iwe jua. Wewe unapima nini?" Nikamjibu kwamba wadi ni kavu, kipimo ni sifuri. Akasema, "Sifuri si kipimo. Sifuri ni mtu aliyelala."

2. Mto huu hutangaza mambo yake hadharani. Wenzetu kule huweka kina cha maji katika mtandao, kila mtu asome. Nilifungua ukurasa wao ili nione tu wanavyopanga safu, nikanakili mstari mmoja katika fomu yetu kama mfano: sentimita thelathini na nane. Nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, fomu imetiwa saini, imeshapelekwa Nizwa, na mkuu ananingoja mlangoni. Akasema, "Ahsant. Leo umepima." Shangazi, katika miezi yote hii hajapata kunisifu, hata siku nilipoizima mashine ya kahawa iliyokuwa ikiungua. Nikarudi kitini kwangu kama mtu aliyepima. Kesho yake ningeandikaje sifuri? Mto hautoki thelathini na nane ukafa usiku mmoja, angeuliza. Nikachukua namba ya siku hiyo pia. Leo ni siku ya themanini na moja. Naomba ieleweke kwamba sikusema uongo. Nimesema kweli ya mahali pengine.

3. Mto huu hauna haya. Mji wa kwanza umejipa jina lake. Mji wa pili unaitwa Bečov, na hautosheki mpaka uongeze maneno ya kwamba uko juu ya Teplá, kana kwamba mtu angeutafuta kwengine. Mkuu ameshaagiza vibao vipya viwili vya barabarani: "Al-Kamil juu ya Wadi." Madereva wa malori ya kwenda Sur wanapunguza mwendo kutazama wadi iko wapi, na wiki iliyopita wawili waligongana.

4. Mto huu unakunywa theluji. Hili ndilo lililoniua. Mwezi wa tatu theluji yao iliyeyuka, na kwa usiku mmoja mto ukapanda zaidi ya nusu mita. Mimi theluji nimeiona katika friji tu. Niliandika namba kama nilivyoikuta, na kompyuta yenu ya Nizwa, ambayo haina macho lakini ina bidii, ikatoa onyo la mafuriko. Kivuko, pale barabara inapokatiza wadini, kikafungwa kwa kamba, skuli ya ng'ambo ikafungwa siku mbili, na watu wakaja na birika zao wakakaa kwenye mawe juani wakisubiri maji mpaka magharibi. Hapakushuka hata jasho la mlima. Ishak, mchungaji tunayemlipa alinde mti wa kupimia kina cha maji uliosimikwa wadini, bado ananipigia simu kila asubuhi: "Bwana mafuriko, mbuzi wangu wanauliza, leo wavae viatu?" Mwalimu mkuu wa skuli ile, Bi Shukriya, aliniandikia kwa adabu kwamba watoto wamefurahi sana, ila wizara inataka kujua sababu ya mafuriko. Nilikaa na karatasi ile saa nzima. Mwishowe nikaandika: "Kuyeyuka."

5. La tano nimelifuta. Lilihusu magoti ya mkuu, na mtu asiseme juu ya viungo vya mkubwa wake.

6. Mto huu umenipandisha cheo ambacho sikukiomba. Kwa mujibu wa vitabu vyenu, wadi yetu sasa ndiyo isiyokauka kuliko zote za eneo la Sharqiyah, na Jumapili hii wanakuja wajumbe saba kutoka Nizwa kuitazama, ili itangazwe mahali pa mapumziko. Mkuu anakwenda huko kesho alale, arudi nao asubuhi. Ameshaweka viti virefu sita ukingoni, vimeelekea mawe. Ameagiza vikombe vya mdomo mia moja. Na amenunua bata, kumi na wawili, kwa sababu kule Karlovy Vary aliwaona bata na roho yake ikatulia. Hawa wa kwetu wanaishi katika chumba cha majalada, wanakunywa maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi. Faili za mwaka jana zote zina nyayo.

Nilimweleza Bibi, mama yako, kwa mafumbo, nikijifanya ni habari ya rafiki. Alisema, "Na sie tulikuwa na mto Mwera, mdogo, unapita na hamsini zake, wala haukupata kumfukuzisha mtu kazi. Mwambie huyo rafiki yako, Nadhir, aache ujinga." Kwa hiyo nadhani mafumbo hayakufaa.

Sasa nieleze msimamo wangu, maana malalamiko bila msimamo ni manung'uniko. Wadi kavu haihitaji kupimwa. Ukavu wake hujulikana kutoka kitini. Mti wa kupimia wenyewe sijapata kuuona tangu niajiriwe, na sijapungukiwa kitu: Ishak ananiambia upo, na kwamba mbuzi hujikunia hapo. Kumtuma mtu aliyesoma akautazame mti mkavu kila asubuhi ni kumdhulumu mtu na mti. Mbaya hapa ni mto wa Teplá, unaopita bila sababu na kuwapa watu tamaa.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, ninaomba moja kati ya haya:

(a) Uandikie, kwa muhuri wa ofisi, mameya wa miji yote ya mto huo, uwaombe wauzuie kwa siku tatu. Pale Březová, juu kidogo ya Karlovy Vary, wana bwawa, kwa hiyo wasiseme hawana uwezo. Mto ukikauka kule, nami nitaandika sifuri hapa kwa haki, na wajumbe wataambiwa kwamba wamechelewa siku moja.

(b) Likishindikana hilo, utamke kwamba mto wa Teplá na wadi yetu ni maji mamoja. Wazee wa falaj, mifereji yetu ya kumwagilia mitende, husema maji hutembea chini ya ardhi na mwanzo wake anaujua Mungu. Kama yanaweza kutembea kutoka mlimani mpaka mtendeni mwetu bila ya mtu kuyaona, sioni ni nani wa kuyaambia yasitoke Bečov. Wajumbe wataonyeshwa mawe na kuelezwa kwamba mto uko chini yake. Bata watakuwa ushahidi.

(c) Likishindikana na hilo, unihamishie Dima wa Tayyin, katika kijiji chochote cha juu ambako mtandao haufiki. Nitahesabu mbuzi. Mbuzi nitawahesabu kwa macho yangu, naahidi.

Nisalimie Ami Thuwaini na mguu wake, watoto wote, jirani yenu wa mlango wa kijani, na yule bibi wa mapokezi anayenipa peremende nikija kama kwamba nina miaka sita. Mwambie Maram kitabu chake ninacho.

Mimi mtiifu wako, mwenye hofu lakini mwenye hoja,

Nadhir
Karani wa Taarifa za Kila Siku

Nyongeza. Jumapili, saa mbili asubuhi.

Shangazi, barua hii ilikuwa mfuko wa kifuani, nikitafuta mtu wa kuaminika wa kukuletea kwa mkono. Nakutumia picha zake, na ukurasa huu pamoja nazo, kwa simu ya Mwalimu Shukriya, kwa sababu yangu imelowa.

Nilikuja wadini alfajiri na gari la ofisi, kuwaleta bata kabla wajumbe hawajafika. Nikaona si vibaya niuone mti wa kupimia, angalau siku moja, nisije nikaulizwa rangi yake. Ni mweupe, una mistari myeusi. Nilikuwa nimeushika. Ishak, aliyekuwa juu kwenye jiwe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nadhir, ondoka hapo." Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Akateremka, akanikamata kanzu, akaniburura mpaka kwenye ngazi za skuli kama mbuzi anayechechemea. Mvua imenyesha mlimani usiku kucha na sisi hapa hatukupata tone. Maji yalikuja na mawe na mtende mzima. Gari limekwenda. Viti sita vimekwenda. Bata wapo, wanaogelea kwenye uwanja wa mpira, na kwa kweli ndio pekee walioijua kazi yao.

Nimeusoma mti kwa macho yangu, mara tatu, na Mwalimu Shukriya akausoma mara ya nne: mita mbili na sentimita kumi, na yanapanda. Nikaipeleka namba hiyo kwenu kwa kompyuta ya skuli. Imerudishwa. Imeandikwa kwamba namba hailingani na tabia ya mto huu katika siku themanini na mbili zilizopita, karani atazame tena. Nimetazama tena. Ni yenyewe.

Ishak amefunga kamba upande wetu, lakini upande wa barabara ya Sur hakuna mtu wa kufunga. Mwalimu alimpigia dereva mmoja wa lori anayemjua, naye alicheka, akasema, "Ya theluji tena, mwalimu?" Wajumbe na Ustadh Marzouq waliondoka Nizwa saa kumi na mbili, na watafika kivukoni saa tatu. Kule hakuna kilima cha kuonea. Ukitoka kwenye kona uko ndani ya maji. Mkuu hapokei simu ya skuli, namba haijui, nawe pia hukuipokea.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika juu nayaondoa, la kwanza mpaka la mwisho, na la tano pia. Mto wa Teplá hauna kosa. Unapimwa kila siku na mtu anayekwenda kuutazama, basi.

Lile ombi la kufunga mlango nalo naliondoa. Ufungue. Chukua barua hii yote, uisome kwa sauti katika ghorofa yenu, uifasiri kwa Kiarabu, uwaambie namba zote themanini na mbili, pamoja na ya jana, si za wadi yetu, ni za mwenzake, na hii moja ndiyo yetu. Bila ya hivyo kompyuta haitakubali, na onyo halitatoka. Baba yake Basma ataelezwa na atakayemuwahi.

Mpigie mkuu sasa, kabla hujaanza kusoma kwa sauti. Simu yako ataipokea.

Ukitaka kunipata, piga namba hii ya Mwalimu Shukriya, uache ilie mpaka mwisho, kwa sababu yuko darasani na watoto na mimi niko juu ya paa nautazama mti. Usije kwa njia ya kivuko. Ukitaka kujua kama njia imefunguka, usisome taarifa ya ofisi yetu. Niulize mimi, nami nitainuka nikatazame.