Kuhusu Wimbo wa Ezra Ulionadiwa Baada ya Mkungu wa Ndizi na Kabla ya Jogoo

Mpendwa Mchungaji Kornel,

Kwa cheo, mimi ndiye wa kukuamkia. Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia. Tuhesabu basi kwamba tumeshaamkiana, tuendelee. Natumaini Mama Mchungaji hajambo, na yule ng'ombe wenu ameacha kupiga teke ndoo. Sisi wa Mtaa wa Juu tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye tangu Sikukuu ya Mavuno sina raha. Nakuandikia kwa heshima zote, kama mzee wa kanisa na kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya usharika huu.

Naomba mnada wa sadaka za mavuno wa Jumapili ile ufutwe. Si wote. Maparachichi ya Mama Beatha yabaki kwa aliyeyanunua, na maziwa najua yameshanyweka. Naomba yafutwe mauzo ya kitu kimoja tu, yaani wimbo wa mwanangu Ezra, ambao Bibi Ndelilio aliununua na sasa anataka apelekewe nyumbani kwake Jumamosi hii, na vyombo vyake vyote.

Ili usinione mtu wa hasira, nimepanga sababu zangu kwa namba.

1. Tangazo lako. Ulisimama ukasema kila mmoja alete malimbuko ya kazi ya mikono yake, na kwamba Mungu hachagui. Sisi wazoefu tulikuelewa: kahawa, ndizi, mayai, na asiyelima alete bahasha. Lakini maneno ya namna hiyo hayaachwi wazi bila mipaka, Mchungaji. Kuna mtu alimpelekea Ezra habari huko Shirimatunda anakokaa (namshuku mama yake), naye akazichukua kama zilivyo. Akaja na gitaa lake, na Gerson anayechomelea mageti, na Loveness mwenye saluni, ambaye ndiye mpiga ngoma wao, na jenereta ndani ya bajaji iliyopanda mlima kwa kusukumwa.

2. Namna alivyoharibika. Najua utauliza kijana wa nyumba ya mzee wa kanisa aliingiaje kwenye huo muziki wanaouita metali, tena ile kali kupita zote, iliyochanganywa na mwingine uitwao pank. Nitakueleza, na utaona kwamba lawama nyingi ni za usharika. Akiwa mdogo nilimpa tarumbeta kubwa la besi, kwa sababu alikuwa na mapafu. Akaenda mafundisho ya kipaimara, na Mwinjilisti Mathayo akawakaririsha kitabu cha Ufunuo, wanyama wenye pembe, ziwa la moto na vyote. Watoto wengine walisahau siku ileile ya sherehe, kwenye pilau. Wangu alikumbuka.

Halafu akapata kazi ya upagazi mlimani. Kambini akakutana na mgeni Mjerumani, kijana mpole, mwenye nywele ndefu, aliyemwazima vile vidude vya masikioni vya kusikilizia muziki, naye Ezra akavivaa akidhani vitampa joto. Mchungaji, mababu wa mgeni yule ndio waliotuletea Injili na matarumbeta, na mimi nimewashukuru maisha yangu yote. Kumbe kuna kitu walibakiza. Ezra alishuka mlimani na fulana nyeusi yenye maandishi kama mizizi ya mgomba uliong'olewa, akashuka nayo hadi Moshi mjini, akawapata wenzake, wakaanzisha bendi. Inaitwa Kaburi la Kahawa. Mazoezi yao ya kwanza yalikuwa nyuma ya gereji moja Himo, na nasikia mafundi ndio waliolalamika kuhusu kelele.

3. Sauti. Kijana haimbi, ananguruma. Nilipomwonya zamani kwamba atapasuka koo, alinijibu, "Hapana baba, koo halihusiki, pumzi inatoka tumboni, unaituliza kwanza halafu unaisukuma." Mchungaji, hayo ni maneno yangu! Hivyo ndivyo ninavyofundisha wapiga besi tangu wewe hujaingia chuo cha teolojia. Pumzi ile ni mali ya bendi ya usharika, na imetumika nje bila idhini ya kamati.

4. Kipimo. Jogoo akinadiwa huinuliwa juu, watu wakamwona mbele na nyuma. Wimbo huu ulianza, nikavua miwani niifute, mbwa wa Mzee Ronald akabweka, ukawa umekwisha. Hata Melkior, mnadishaji wetu anayeweza kuuza ungo uliotoboka, alisimama akingoja uendelee. Ezra alipomwambia ndio huo, umeisha, ndipo akasema, "Haya wapendwa, ni mfupi lakini ni mbichi, nani anaanza?" Watu wakacheka, kisha wakaanza kupandishana bei kwa dhati. Kwa hiyo hapa nina malalamiko mawili: kwamba muziki ule haufai kusikilizwa, na kwamba tulipunjwa.

5. Maneno ya wimbo. Sisi wenye masikio mazima hatukuambulia kitu. Bibi Ndelilio, ambaye kumsalimia lazima upige kelele mpaka kuku wakimbie, anasema alisikia yote vizuri sana. Kwa maelezo yake wimbo unahusu mfereji wetu wa kumwagilia uliozibwa huko juu, na migomba inayokauka huku chini. Ameniambia hivi: "Eliufoo, kila mwaka mnakwenda kwenye kikao mnaomba maji kwa adabu, mnakunywa chai ya watu, mnarudi. Huyu mtoto amesema sawasawa." Sasa akina mama wanataka bendi hiyo ifungue kikao kijacho cha mfereji, mahali pa sala. Kwaya ya vijana nayo imeanza kumalizia Amina kwa tumbo. Tukinyamaza, mwakani seremala ataleta kelele za randa yake kama malimbuko, dalali wa viwanja ataleta maneno matupu, na mimi nitaleta malalamiko, na Melkior atayanadi yote.

6. Utaratibu. Kila mtu anajua kwamba mnunuzi mwenye moyo hurudisha alichonunua kinadiwe tena, kanisa lizidi kubarikiwa. Jogoo wa mwaka jana aliuzwa mpaka akazoea. Nilikwenda kwa Bibi Ndelilio kwa upole, nikamwomba arudishe wimbo. Akasema, "Majogoo nimerudisha miaka yote. Hiki nimekipenda, sirudishi." Na utaratibu unasema pia kwamba kitu kisichobebeka, aliyekitoa ndiye anayekipeleka kwa mnunuzi.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Ezra hajakanyaga kihamba changu, hili shamba la nyumbani, tangu siku nilipomwambia achague, tarumbeta au mambo yake. Nilidhani angechagua kabla ya chakula cha jioni. Aliliweka lile besi mlangoni, amelipangusa vizuri, akaondoka. Hata alipokuja siku ya Mavuno alinipa shikamoo ya mbali, kutoka upande wa pili wa jenereta. Sasa Jumamosi atapita mbele ya nyumba ya baba yake na bajaji yake, kwenda kumpigia bibi ambaye si hata wa ukoo wetu. Mama yake ameshaahidi kwenda huko kupika kiburu cha ndizi na maharage. Nitabaki nyumbani na ng'ombe. Inaniuma, Mchungaji, na sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo naomba rasmi mauzo hayo yafutwe kabla ya Jumamosi, na Bibi Ndelilio afidiwe kwa jogoo mwenye umbo la kueleweka. Ikishindikana, suala lipelekwe Dayosisi, watuamulie mara moja kama kunguruma nako ni zao la shambani.

Nisalimie Mama Mchungaji, Mwinjilisti Mathayo (mwambie apunguze Ufunuo, aongeze Mithali), Mama Mektrida na wote wa jikoni, na wapiga matarumbeta wote utakaowaona kabla yangu. Melkior msalimie pia, ila usimsifu.

Wako katika shamba la Bwana, mwenye kinyongo kidogo na heshima nyingi,

Eliufoo
Mzee wa Kanisa, Mtaa wa Juu

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Mchungaji, usifute mnada. Nimewaza kwamba ukifuta, Ezra hatakuwa na sababu ya kupanda huku Jumamosi. Tena hili afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Melkior: aliyekuwa akipandishana bei na Bibi Ndelilio hadi mwisho, akimkonyezea Melkior kutoka nyuma ya ile mikungu ya ndizi, ni mimi. Ningenunua mimi, wimbo ungeletwa kwangu kwa utaratibu wa kanisa, na mwenye wimbo angeingia kihambani bila yeyote kati yetu kulazimika kuanza kusema. Bibi alinishinda kwa sababu niliona haya kunyoosha mkono watu wakaniona. Kati ya kwake na kwangu kuna ua mmoja tu wa masale, yale majani yetu ya kuombana radhi. Naomba umwambie, kama wazo lako mwenyewe, kwamba zile spika zielekezwe upande wa kwangu.